Uchangie mashine za kunyonya kaboni au upande miti?

Umeuliza hela yako uipeleke kwenye mashine za kunyonya kaboni hewani au kwenye miti. Mi naona anza na kupunguza moshi wenyewe, maana kaboni ikishasambaa kuitoa ni kazi kwelikweli, hewani kaboni dayoksaidi ni kama asilimia 0.04 tu, sasa mashine inavuta hewa nyingi mno ipate kidogo na inakula umeme balaa. Ile ya Orca kule Iceland, ya 2021, ilijengwa kukamata tani 4,000 kwa mwaka, na dunia inatoa zaidi ya bilioni 35! Ila wakishaikamata wanaichanganya na maji wanaisukuma chini kwenye miamba ya volkano inageuka jiwe kabisa, hapo nawasifu. Miti ni sawa, lakini ikiungua kaboni inarudi hewani, kwahiyo kabla hujatoa hela uliza nani ataitunza miaka 30 ijayo.