Jibu: Rafiki kapigwa na polisi, atalalamika wapi?

Mkuu umeuliza kama huyo rafiki yako aliyepigwa kituoni hapa Dodoma kisa anashukiwa ni shoga, na simu wakabaki nayo, anaweza kulalamika au ndo atajichongea. Anaweza, ila asiende kichwakichwa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, kinatisha kweli, jela miaka 30 mpaka maisha, lakini Katiba ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa, haijasema isipokuwa mashoga. Na kushukiwa sio kuhukumiwa, kazi ya polisi ni kukamata na kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, kipigo hakimo popote. Simu ikichukuliwa anatakiwa apewe risiti, hapo wengi tunanyamaza alafu simu inageuka njia ya kuombwa hela. Aanze hospitali, shida PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, inatoka kwa haohao polisi (kituko hiki) kwahiyo aombe kituo kingine. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora makao yake yapo hapahapa Dom, alalamike huko, aandike kipigo na simu tu, tarehe na saa, mambo ya chumbani asiyaguse, na atangulie kuonana na wakili.