Baba ana saratani ya sainasi: je, akubali upasuaji?

Pole sana, dada. Umeuliza kama baba yako, fundi seremala aliyekutwa na saratani ya sainasi ya shavuni (uwazi ulio ndani ya mfupa wa uso, kando ya pua), anaweza kupona, na kama akubali kupasuliwa. Nafasi ipo. Kwa jumla, takriban nusu ya wagonjwa wa saratani hizi huwa hai miaka 5 baada ya kugundulika. Ikiwa bado haijatoka ndani ya sainasi, matokeo huwa mazuri zaidi. Ikishaingia kwenye jicho, ubongo au tezi za shingo, kazi ni ngumu. Wengi huchelewa kwa sababu pua kuziba upande mmoja na kutoka damu hudhaniwa mafua.

Upasuaji, kisha mionzi, ndiyo njia kuu, kwa hiyo namsihi akubali. Ila kwanza aonwe na daktari wa meno! Hili husahaulika mno: jino liking'olewa baada ya mionzi, mfupa wa taya unaweza kukataa kupona. Muulizeni daktari kuhusu kaakaa pia. Likiondolewa, hutengenezewa kizibo maalumu ili ale na kuongea vizuri.

Vumbi la mbao ni kisababishi kinachojulikana. Vijana wake wa karakana wavae barakoa.