Mbweha hakuvunja, alikuta wazi

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Mbweha anamaliza kuku wa nyuma ya nyumba. Wewe umemzuiaje?" Najibu kama mtu aliyesomea jambo hili kwa ada ya kuku tisa, wote kwa usiku mmoja.

Asubuhi ile nilikuta manyoya yametapakaa na maiti kila kona. Watano hawakuwa wameliwa, wameng'atwa shingo tu wakaachwa. Niliambiwa mbweha ana roho mbaya, anaua kwa starehe. Mimi sikubali. Porini akikamata ndege mmoja, wenzake hutawanyika na kazi inaishia hapo. Bandani hakuna pa kukimbilia, kila anayepapatika anamchochea kukamata tena, na wale asioweza kuwabeba kwa mkupuo mmoja huwa na nia ya kuwarudia awafukie kama akiba. Maana yake ni kwamba aliyeonja banda lako anarudi, pengine usiku uleule unaofuata. Wangu alirudi, nilimwona kwa macho yangu akizunguka mlango.

Naam, mlango. Nilikwisha kuanza kupanga kuongeza ukuta, hadi nilipokagua banda zima na kukuta hakuna tundu wala ubao uliong'oka. Mimi nilidhani mwanangu amefunga, mwanangu alidhani baba amefunga. Basi.

Ndiyo maana jibu langu linaanzia kwenye saa, kabla ya waya. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo jua likizama huingia mwenyewe na kupanda kwenye fito zake za kulalia. Mbweha naye huanza mizunguko yake wakati huohuo. Pengo kati ya hao wawili ni dogo sana, na ndilo unalopaswa kulinda kila siku, hata siku ya mvua, hata siku ya wageni. Nilijaribu kutega kengele ya simu. Ilinisaliti, kwa sababu jua halizami saa ileile mwaka mzima. Milango inayojifunga yenyewe kwa kupima mwanga inasaidia, ila haijui kuhesabu. Tetea mmoja akichelewa kwenye majani, mlango unamfungia nje, naye ndiye chakula cha usiku. Pita na tochi, hesabu vichwa.

Sasa waya. Ule wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita, ambao wengi tunauita wavu wa kuku, unamzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mbweha asiingie: anautafuna, anauvuta, unafumuka. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa kwenye kila makutano ya nyuzi, matundu yasizidi sentimita 2.5. Kama kwenu kuna nguchiro au vicheche, chukua wa sentimita 1.3. Tena uupigilie kwa misumari ya umbo la U au uubane kwa ubao juu yake. Zile pini za stepla ya karatasi ni mzaha.

Mbweha huchimba, lakini huchimba kwa namna ya kutabirika: anakuja hadi kwenye ukuta, anaanza hapohapo chini yake. Wengine hufukia wavu wima, sentimita 30 hivi kwenda chini. Mimi nimeona njia rahisi zaidi ni kuulaza wavu juu ya ardhi kuelekea nje, upana wa sentimita 50 au 60, kuzunguka banda lote, ukaushikiza kwa mawe na kuacha majani yaote juu yake. Akikwaruza anakutana na chuma, na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie huko. (Ana akili nyingine nyingi, hiyo bahati nzuri hana.)

Juu usipasahau. Mbweha anapanda uzio kama paka, kwa hiyo ama uezeke uga wa kuku kwa wavu, ama uzio ufike mita 2 na sehemu ya juu ikunjwe kuelekea nje. Mwenye uwezo wa uzio wa umeme aweke uzi mmoja chini, sentimita 20 hivi toka ardhini, ambapo pua yake hufika kwanza, na mwingine juu. Majani yakigusa uzi ule nguvu inapungua, kwa hiyo fyeka.

Redio inayoimba usiku, taa za kumetameta, mkojo kuzunguka banda: vyote hufanya kazi siku chache, kisha anavizoea. Sumu sitaki hata kuijadili. Itaua mbwa wa jirani kabla ya mbweha. Na ukimwua huyu, eneo lake linabaki wazi, mwingine anahamia.

Lakini kabla ya kumlaumu, soma alama. Mbweha mara nyingi huondoka na kuku mzima, akiacha mstari wa manyoya njiani. Mwewe hula mchana, manyoya yakabaki rundo mahali pamoja. Mbwa huua na kutupa. Na msidanganyike kwamba mbweha ni wa usiku tu: akiwa na watoto wa kulisha, huja mchana kweupe, na jogoo, kwa kelele zake zote, hamuwezi.

Siku hizi kuna msumari kando ya mlango wa jikoni. Mchana, kufuli la banda linaning'inia hapo. Giza likiingia na kufuli bado liko kwenye msumari, yeyote anayelipita analichukua na kutoka, bila kuuliza nani alikuwa zamu.