Kidonda cha mguuni chenye vidoti vyeusi, dai kipimo kwanza

Jamani kama una kidonda mguuni kimekaa mwaka au miaka, kinatanuka taratibu, hakiumi sana ila kinawasha, na krimu zote umeshapaka bila nafuu, naomba usome hii. Nimemuuguza mjomba wangu na huu ugonjwa mpaka akapona. Unaitwa kromoblastomaikosisi, ni fangasi wa rangi nyeusi wanaoishi kwenye udongo, miti iliyooza na miiba, ukichomwa tu wanaingia chini ya ngozi na kukaa humo kimya, ndo maana wanaoumwa zaidi ni wakulima na wanaotembea peku. Mwiba wenyewe mtu anakuwa ashausahau zamani.

Inaanza kama kipele, baadae panakuwa na magamba au vinundu vilivyobanana mithili ya koliflawa. Sasa angalia kwa karibu kwenye mwanga mzuri, utaona vidoti vidogo vyeusi juu yake. Hapo ndo penyewe, maana ngozi inawasukuma fangasi nje kupitia hapo. Mjomba alipewa antibaiotiki za kila aina kwa sababu kwa macho huu ugonjwa unafanana na TB ya ngozi, sunzua, hata kansa, hadi daktari mmoja wa ngozi alipomkwangua palepale penye vidoti, wakaweka kemikali ya potasiamu haidroksaidi, na kwenye darubini zikaonekana seli za kahawia, za mviringo, zina kuta nene na zimegawanyika ndani. Basi, jibu likapatikana. Kwa hiyo ukifika hospitali sema waziwazi, naomba mnikwangue hapa penye weusi, na kama haionekani waombe wakate kinyama kipelekwe maabara.

Dawa ni itrakonazoli, mara nyingi miligramu 200 hadi 400 kwa siku, au tabinafini, na ni kwa miezi 6 mpaka 12, wengine zaidi. Kidonda kikiwa bado kidogo kinaweza kukatwa chote au kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, ndo raha ya kuwahi. Shida kubwa ni watu kuacha dozi ngozi ikianza kukauka, halafu kinarudi, tafadhali usiache mpaka daktari aseme. Vidonge vya itrakonazoli vinywe na chakula, na mtajie daktari kila dawa unayotumia, kwani za kupunguza asidi tumboni na rifampisini ya TB zinaifanya isifanye kazi vizuri, pia mwambie kama una tatizo la moyo au ini, na ini lipimwe ukiwa unaendelea na dozi.

Halafu haiambukizi mtu kwa mtu, msimtenge mgonjwa! Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, hivyo usishangae mhudumu akiwa hajawahi kuusikia, mtajie tu jina. Na kama kidonda ni cha miaka mingi na sasa kimeota kinyama kipya au kinatoka damu ovyo, wahi hospitali wiki hiyohiyo, kinaweza kugeuka kansa.