Santuri za filamu za Kihindi: kuzisafisha na kuzitoa upya

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama santuri za nyimbo za filamu alizoacha babu yako zisafishwe kwa spiriti, kisha uzitoe upya.

Spiriti hata usiisogeze! Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika ni za shelaki, aina ya utomvu uliogandishwa, na spiriti huiyeyusha. Tumia maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, lebo isilowe. Sindano iwe ya 78, ncha ya mikroni 75 hivi. Ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye, ni nyembamba mno, itaburuza chini ya mfereji ikuletee mikwaruzo tu. Rekodi kwanza bila kuchuja sauti, na nakala hiyo uihifadhi.

Kuzitoa ndiko kugumu. Rekodi hulindwa miaka 50 Kenya na 60 India, lakini mtunzi ana haki yake mbali, ambayo India huhesabiwa miaka 60 baada ya kifo chake. Muziki wa filamu ya Mother India ya 1957 ni wa Naushad, aliyefariki 2006. Kule India unalindwa hadi 2066. Omba kibali.

Usikate tamaa lakini. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, alivuma kwa mahadhi haya haya ya Kihindi, kwa hiyo sandukuni mwa babu mna historia ya taarabu yetu. Naomba unakili nambari zilizochongwa karibu na lebo, tuanze kuzitambua.