Ukienda Eleusis usikimbilie picha, kaa kwanza kwenye zile ngazi

Mara ya kwanza nilipoenda Eleusis, magofu ya kale kule Ugiriki, wenyeji sa hizi wanapaita Elefsina, niliondoka ndani ya nusu saa nimekasirika kweli, maana niliona mawe tu, hakuna nguzo zimesimama kama kule kwenye hekalu la Parthenon, Athens. Nilirudi mwaka uliofuata ndo nikapaelewa.

Kosa langu ni kwenda bila kujua kisa. Kwa hiyo kabla hujapanda basi pale Athens, ni kama kilomita 20 tu, soma habari za Demeter, mungu wa kike wa mazao wa Wagiriki wa kale, ambaye ibada zake za siri zilifanyika hapo. Bintiye Persephone alibebwa na Hades, mungu wa kuzimu, akapelekwa huko kwake, mama akazunguka kumtafuta, akajigeuza bibi kizee akaja kukaa kisimani hapohapo Eleusis, na kwa uchungu akazuia mbegu zisiote mpaka mtoto akarudishwa, tena kwa sehemu ya mwaka tu kwa sababu alishaonja komamanga la kuzimu. Ukishajua hayo, kile kisima cha langoni na lile pango la Hades hutavipita hivihivi.

Halafu nenda Telesterion, ukumbi wenyewe wa ibada hizo za siri, karibu mita 50 kila upande, ulikuwa na nguzo 42 ndani na ngazi za kukalia pembeni, zingine zimechongwa kwenye mwamba wa kilima. Kaa hapo, usiwe na haraka. Walikaa hapo watu usiku, wanaume kwa wanawake, hata watumwa, mradi unajua Kigiriki na hujaua mtu, wametembea toka Athens, wamefunga, wamekunywa kile kinywaji cha shayiri na mnanaa. Walichoonyeshwa walikaa nacho. Kutoa siri adhabu yake ilikuwa kifo, Alcibiades, jemadari wa Athens, mwaka 415 KK aliposhtakiwa kwamba kaigiza ibada hizo nyumbani alitoroka akahukumiwa kufa hayupo.

Sisi wa unyago na jando hili halitushangazi. Bibi yangu alikuwa kungwi na hajawahi kuniambia hata neno moja la kule ndani, nami nilimheshimu kwa hilo. Ndo maana nakwambia, akitokea mtu wa kukueleza kwa uhakika wote walichokiona mle, msikilize tu lakini usimbebe. Cicero mwenyewe, yule msemaji maarufu wa Roma ya kale, aliingizwa kwenye ibada hizo, akasifia mno, ila siri hakuitoa.

Nenda asubuhi na maji na kofia, kivuli hakuna cha maana, na viatu visivyoteleza.

Mwisho panda makumbusho juu ya kilima. Kuna sanamu kubwa ya mwanamke, mwenzake alichukuliwa mwaka 1801 na Mwingereza Clarke na yuko Cambridge mpaka leo, wanakijiji walikuwa hawataki aondoke kabisa kwa sababu waliamini ndo anawaletea mavuno. Huyu aliyebaki msimamie mbele umwangalie vizuri, kichwani kabeba chombo cha vitu vya ibada, na kimefunikwa.