Choki isiyoziba hewa: nilichojifunza kwenye kabureta ya Morris Minor

Siku ya kwanza kufungua boneti la Morris Minor 1000, nilivua ea klina (chujio la hewa) nikachungulia mdomo wa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikitafuta kibati cha choki, kile kinachoziba hewa ili injini baridi ipate petroli nyingi iwake. Hakuna. Nikamwambia mwenye gari, tena kwa kujiamini, kwamba kuna fundi alikitoa. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Wadogo zangu mnaoanza na magari ya zamani, Morris hii ina kabureta ya SU, ya Kiingereza, nayo haina kibati hicho. Ukivuta choki, waya unashusha jeti, kijibomba kinachopitisha petroli. Ndani ya jeti mna sindano iliyochongoka kuelekea chini, hivyo jeti ikishuka, upenyo unaoizunguka sindano unapanuka na petroli inapita kwa wingi, huku hewa haijazibwa na chochote. Ugonjwa wa choki hii msiutafute mdomoni. Inama na tochi uangalie chini ya kabureta.

Gari la yule mzee lilikuwa limeishi Mombasa miaka mingi, akahamia nalo Nairobi mwezi wa Julai. Asubuhi moja ya baridi akavuta choki, gari likawaka, akairudisha. Kuanzia hapo ni moshi mweusi, plagi zina masizi kama sufuria ya kuni, na petroli inakwisha kama inamwagwa. Nilibadilisha plagi. Nikasafisha pointi za moto wa plagi. Nikaanza hata kutaja ringi za pistoni za injini, na hapo ningemla mzee wa watu hela ya bure. Siku ya tatu ndipo nilipoinama. Kishikio kimerudi ndani kabisa kwenye dashibodi, lakini jeti imekwama nusu njia. Nikaisukuma kwa kidole gumba, tak! Injini ikabadilika sauti palepale.

Pwani choki haina kazi kubwa. Jeti inakaa miaka bila kushuka, uchafu na petroli iliyokauka vinaiganda, na siku ikivutwa, springi inashindwa kuirudisha.

Usiishike kwa koleo. Mrija wa plastiki unaotoka kwenye floti, kile kibakuli cha petroli cha kabureta, umeungwa na jeti hiyohiyo, na ukipasuka una petroli juu ya injini ya moto. Vuta choki yote, futa sehemu ya jeti iliyojitokeza kwa kitambaa chenye petroli, paka oili nyepesi kidogo, kisha ipandishe na kuishusha mpaka iteleze yenyewe. Halafu kagua waya: uwe na ulegevu wa kama milimita 1.5 kabla haujaanza kuvuta. Ukikazwa mno, jeti haikai mahali pake hata ikiwa safi.

Jambo jingine linalochanganya: mvuto wa mwanzo wa kishikio haushushi jeti. Unazungusha kamu, kipande cha chuma kinachofungua throto kidogo, kama umegusa pedali ya mafuta, ili injini isizime. Kwa hiyo mngurumo ukipanda, usidhani jeti imefanya kazi.

Ukimaliza, injini ikiwa ya moto, pima kiasi cha petroli: inua pistoni ya kabureta, ile inayobeba sindano, kwa kile kipini cha pembeni, chini ya milimita moja. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikitaka kuzima, ni kidogo. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, acha. Nati ya jeti, inayoongeza au kupunguza petroli, ikizungushwa, iwe pembe moja kwa wakati. Na kumbukeni Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari: gari ulilolipima hapa litakosa petroli kidogo likiteremka Mombasa.

Ujuzi huu hauishii kwa Waingereza. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, lilitoka kiwandani na kabureta za Hitachi za mtindo huohuo. Ila zenyewe ni mbili, kwa hiyo unainama mara mbili.

Mzee wa Morris amerudi zake Mombasa. Nilimwambia aivute choki na kuirudisha mara moja kwa wiki, joto lisijalishe. Huivuta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, halafu ananipigia simu kuniambia imerudi.